Mjafari, Ndugu wa Mlimau

Katika vichaka vikavu vya Mara, pande zote mbili za mto unaotenganisha Tarime na Serengeti, mjafari hautafuti kupendwa. Shina lake limejaa vinundu vigumu vyenye miiba, na matawi hunasa nguo za mpita njia. Chuma jani moja ulielekeze juani: utaona vitone ving'avu, ndimo mafuta yalimo. Lifikiche, na harufu ya limau inakujaa puani. Ni ukoo mmoja na mlimau na mchungwa, ingawa tunda la mjafari halizidi punje ya pilipili manga.

Tunda hilo lina kazi yake. Huzaa mti jike tu, kwa hiyo mchumaji mzoefu anaijua miti yake. Likikomaa hupasuka lenyewe, mbegu nyeusi ya kumeta ikachungulia. Harufu imo kwenye ganda. Anayejua huanika kivulini, maana jua kali hurusha mafuta, kisha hupeta kwa ungo hadi mbegu zitengane na maganda ya kutia kwenye chai. Wapishi wa Sichuan, huko China, nao hutupa mbegu na kubakiza ganda la pilipili yao, ambayo ni tunda la jamaa wa karibu wa mjafari. Nafurahi sana kuona mikono isiyojuana imefikia ustadi ule ule.

Lakini heshima yangu kubwa naiweka kwa anayejua kutoa gome. Gome na mizizi hutafutwa kote Afrika Mashariki kwa homa, kikohozi na maumivu ya meno. Ukitafuna kijiti chake kwa mswaki, ulimi unaingia ganzi. Mwenye haraka huzungusha panga shina zima. Hapo njia ya chakula kinachoshuka kutoka majanini inakatika, na mti hufa ungali umesimama. Fundi hugonga kwanza vinundu, akachagua upande mmoja, akachora mistari miwili ya wima, akabandua utepe mwembamba bila kuchimba mti wenyewe. Kama anataka mzizi, hufukua wa pembeni, huuacha mkuu, na kurudisha udongo. Kazi yote huenda polepole, na anaondoka na kidogo. Misimu inayofuata jeraha hujifunga kuanzia kingoni, naye akihitaji tena huenda upande wa pili wa shina, au mti mwingine kabisa.