Juu ya Kuwatahini Watu Wazima kwa Kiingereza

Katika mwaka 2021 Waziri wa Afya wa Kenya, Bwana Mutahi Kagwe, alitangaza habari iliyozungumzwa sana. Kenya na Uingereza zilikuwa zimepatana mwaka ule ule kwamba wauguzi wa Kenya waende kufanya kazi katika hospitali za Uingereza. Wauguzi 300 wakatahiniwa Kiingereza kabla ya safari, na waliofaulu walikuwa 10 tu. Lawama ikatupwa huku na huku: kwa shule, kwa walimu, kwa vijana wasiopenda kusoma. Walakini ni wachache waliouliza swali ambalo kwa mwalimu ndilo la kwanza, yaani, mtihani wa namna hii wapima nini hasa?

Swali hilo haliulizwi kwa kuwatetea walioshindwa. Muuguzi wa Kenya husoma kwa Kiingereza tangu utoto. Vitabu vyake vya chuo ni vya Kiingereza, na habari za wagonjwa huziandika kwa Kiingereza kila zamu. Mtu kama huyu akiambiwa kwamba Kiingereza chake hakitoshi, yatupasa kumtazama yeye, na pia kuitazama mizani aliyopimiwa.

Kumpima mtu kwa ulimi wake ni jambo la kale. Katika Kitabu cha Waamuzi, mlango wa 12, twasoma jinsi watu wa Gileadi walivyovishika vivuko vya Yordani na kumtaka kila apitaye alitamke neno moja tu. Waefraimu hawakuiweza sauti ya kwanza ya neno lile, nao wakauawa watu 42,000. Ulikuwa mtihani hodari kwa kazi yake ovu. Ulitafuta kabila la mtu, ukalipata. Kama mtu yule alijua kusema, kuhesabu au kulima, haukuuliza. Nautaja kwa sababu moja: kila mtihani wa lugha wafanana na kivuko, na mwenye kukilinda ndiye achaguaye neno la kutamkwa.

Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kuwatahini wageni Kiingereza mwaka 1913. Waliokuja mara ile ya kwanza walikuwa watu 3, na wote 3 walishindwa. Mtihani ulichukua muda wa saa 12 hivi: kufasiri kutoka Kiingereza hata Kifaransa au Kijerumani, kufasiri kurudi Kiingereza, sarufi, insha, fasihi ya Kiingereza, elimu ya sauti za lugha, imla, kusoma kwa sauti, na mazungumzo. Wa siku hizi huucheka urefu wake. Mimi naona lililo jema ndani yake. Ulikusudiwa watu watakao kuifundisha lugha hii katika shule za nchi za kigeni, na mwalimu wa lugha kweli yampasa kufasiri, kuzijua sauti, na kusoma mbele ya watu pasipo kugugumia. Ulikuwa mkali kupita kiasi, lakini ulimfahamu mtu wake na kazi yake.

Sasa tuutazame mtihani uitwao IELTS, ulioanza kutumiwa kwa jina hilo mwaka 1989, ambao leo ni mmoja wa mitihani mikubwa ya Kiingereza duniani. Una sehemu 4: kusikiliza, kusoma, kuandika, na kusema. Madaraja yake hupanda hata 9, na katikati yamo manusu. Una namna mbili: moja ya watu wa vyuo, nyingine ya wahamiaji na wafanya kazi. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza hutaka ile ya watu wa vyuo, na hapo ndipo kosa lianzapo.

Tuchukue sehemu ya kuandika. Mtahiniwa hupewa saa 1. Katika kazi ya kwanza huonyeshwa mchoro wa takwimu, tuseme wa watu wangapi walipanda gari la moshi na wangapi walipanda baiskeli katika mji fulani, naye hutakiwa aueleze kwa maneno yasiyopungua 150. Katika kazi ya pili huandika insha ya maneno yasiyopungua 250, akijadili jambo ambalo watu wana maoni mbalimbali juu yake. Kwa kijana aendaye kusoma uchumi katika chuo kikuu, kazi hizi ni halali, maana ndizo atakazozikuta huko. Lakini muuguzi mwenye miaka 38, aliyekwisha kuwahudumia wagonjwa miaka 15, ni lini alipotakiwa kubishana kwa insha? Aliyoyaandika miaka yote ni mengine: mgonjwa amelala vipi, joto lake limepanda kadiri gani, kidonda kimefungwa saa ngapi, ni dawa ipi aliyoikataa. Maandiko hayo ni mafupi, hayana madaha, na kosa moja ndani yake laweza kuua. Mtihani haukuyauliza hata kidogo.

Sehemu ya kusikiliza ina ila nyingine, nayo haitazamwi sana. Mtahiniwa husikia mazungumzo mara moja tu, kisha hujaza majibu 40. Mahali pengi huamriwa asiandike zaidi ya neno 1 au maneno 2. Akizidisha neno, hata kama amesikia sawasawa, jibu lake huwa si kitu. Akikosea herufi moja, hupoteza jibu. Basi hapo hupimwa sikio, au hupimwa utii na tahajia? Mtoto wa shule huzoea upesi michezo ya karatasi za mtihani. Mtu mzima aliyeacha dawati zamani huanguka katika mashimo haya, na watu husema, hajui Kiingereza. Ndiyo maana walimu wa mitihani hiyo hutumia muda mwingi kufundisha namna ya kujibu, wala si lugha. Mtihani unaomlazimu mtu kwanza kujifunza mtihani wenyewe, kabla ya kuonyesha alijualo, una upungufu.

Tusiwadhulumu walioutunga. Sehemu ya kusema ni njema: mtahini na mtahiniwa hukaa uso kwa uso, dakika 11 hata 14, na hukumu hutolewa kwa mambo 4 yaliyoandikwa wazi, si kwa kupendezwa tu. Wala simwungi mkono asemaye kwamba muuguzi hahitaji kuandika vizuri. Barua isiyoeleweka humfikisha mgonjwa mahali pabaya. Baraza lenyewe liliona jambo, kwa kuwa mwezi wa Desemba 2018 lilipunguza daraja la kuandika kutoka 7 hata 6.5, baada ya kuonekana kwamba waombaji wengi waliofaulu sehemu nyingine walizuiwa na nusu hiyo. Lakini kupunguza daraja si kutengeneza mizani. Aliyepimwa kwa kitu kisicho chake amepimwa vile vile, ila ameongezewa huruma kidogo.

Dawa iliyo bora nadhani yaonekana katika mtihani wa OET, uliotengenezwa Australia katika miaka ya 1980 kwa ajili ya matabibu na wauguzi wageni. Bwana Tim McNamara wa Chuo Kikuu cha Melbourne alikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo. Baraza la Uingereza liliukubali mwaka 2017. Humo muuguzi hupewa habari za mgonjwa kama zilivyo katika faili, dakika 5 za kuzisoma na 40 za kuandika barua, tuseme kwa muuguzi mwenziwe atakayempokea mgonjwa huyo nyumbani. Kazi ya kwanza ya fikira ni kuchagua: lipi la kutaja, lipi la kuacha. Katika kusema, hufanya maigizo mawili, kila moja dakika 5 hivi, mtu mwingine akijifanya mgonjwa au jamaa yake. Labda mgonjwa ataka kurudi nyumbani kabla ya wakati, naye muuguzi hana budi kumzuia bila kumwudhi. Mwenye miaka 15 ya kazi hujiona yuko mahali pake.

Jambo lililonipendeza zaidi lilitokea baadaye. Hukumu za mtihani huu zilikuwa mikononi mwa wataalamu wa lugha, wakiangalia sarufi, msamiati, matamko na ufasaha. Kisha wataalamu hao wakawauliza watu wa hospitali wenyewe, je, nyinyi mkimsikia mwenzenu akisema na mgonjwa, mwaona lipi jema na lipi baya? Watu wa hospitali hawakusema sana habari za sarufi. Walitazama kama muuguzi amemsikiliza mgonjwa, kama ameuliza hofu yake, kama amemweleza jambo kwa mpango. Basi tangu Septemba 2018 mambo ya namna hiyo yakatiwa katika hukumu ya sehemu ya kusema. Hapo mtahini wa lugha alikubali kuketi chini ya fundi wa kazi.

Sisi tuwafundishao watu wazima jioni, makarani, madereva wa watalii, mafundi, mara nyingi huwapa karatasi iliyonakiliwa kutoka mtihani wa watoto: jaza nafasi, geuza sentensi, andika insha juu ya likizo yako. Dereva wa Arusha awezaye kumweleza mgeni kwa Kiingereza kwa nini simba wamelala mchana hupata alama 30 katika 100, kwa kuwa hakukumbuka umbo la kitenzi katika sentensi asiyoitumia kamwe. Kwake ingefaa zaidi tumpe barua ya mgeni aliyekasirika ajibu, na ramani aieleze, na mtu wa kujifanya mgonjwa garini. Kuitunga karatasi ya namna hiyo ni kazi, maana yamlazimu mwalimu aende kwanza kusikiliza mahali watu wanapofanyia kazi.

Hata OET haukosi ila. Ajifanyaye mgonjwa katika igizo husema Kiingereza kilicho wazi, kwa upole, kwa zamu, naye huchukua kadi yenye maelezo ya yale atakayoyasema. Mzee wa Liverpool aliyeamka usiku na maumivu hana kadi.