Lango la Tisa na Deni la Msimulizi: Mabishano ya Watazamaji juu ya Sinema ya Roman Polanski

Sinema ya Roman Polanski iitwayo The Ninth Gate, ambayo katika makala haya tutaiita Lango la Tisa, ilitolewa katika nchi kadhaa za Ulaya mwaka 1999, na ikafika Marekani mwezi wa Machi 2000. Gharama yake ilikuwa karibu dola milioni 38. Huko Marekani ilikusanya karibu nusu tu ya kiasi hicho. Hata hivyo haikufa kama zinavyokufa sinema nyingi zilizokosa soko. Imeendelea kutazamwa, na kila inapotazamwa huzua mabishano yale yale: kundi moja likidai kwamba hii ni hadithi iliyotelekezwa na msimulizi wake kabla ya kwisha, kundi la pili likishikilia kwamba ni kazi ya fundi stadi ambayo haijapata watazamaji wanaoistahili. Ni nadra kumpata mtu aliyesimama katikati.

Mbele ya mgawanyiko wa namna hii mhakiki huvutwa na jibu jepesi, nalo ni kwamba kila mtu na ladha yake. Jibu hilo hatulikubali. Watu wawili wakibishana juu ya utamu wa embe, ulimi ndio hakimu. Lakini wanaobishana juu ya Lango la Tisa hawabishani juu ya utamu. Wanabishana juu ya deni. Wanauliza kama msimulizi aliyeahidi ufumbuzi ametimiza ahadi yake, na hilo ni jambo linaloweza kuchunguzwa ndani ya kazi yenyewe.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajaiona, kisa ni hiki. Dean Corso, anayeigizwa na Johnny Depp, ni dalali wa vitabu adimu mjini New York, mtu hodari katika kazi yake na asiye na haya. Tunapomwona kwa mara ya kwanza anawalaghai jamaa za mzee mgonjwa: anavisifu mno vitabu vingine vya mzee huyo, kisha anajichukulia juzuu nne za Don Quixote kwa bei duni. Tajiri Boris Balkan, anayeigizwa na Frank Langella, anamwajiri aende Ulaya pamoja na kitabu kiitwacho Milango Tisa ya Ufalme wa Vivuli. Kitabu hicho, ambacho hakipo nje ya hadithi, chasemekana kuwa kilipigwa chapa Venice mwaka 1666 na Aristide Torchia, naye akachomwa moto kwa ajili yake. Zimesalia nakala tatu tu. Moja ni ya Balkan, ya pili iko kwa Victor Fargas huko Sintra, Ureno, na ya tatu iko kwa Baroness Kessler mjini Paris. Corso anatakiwa azilinganishe, aseme ipi ni ya kweli. Kila anakopita watu wanakufa, na wengine wanakufa kwa namna zinazofanana na picha za kitabu hicho. Msichana asiye na jina, ambaye mwigizaji wake ni Emmanuelle Seigner, anamfuata na kumlinda.

Mwishowe Balkan anazikusanya picha tisa zinazohitajiwa, anafanya kafara yake katika magofu ya ngome, na kwa kuamini kwamba moto hautamdhuru anajichoma. Moto unamdhuru. Picha ya tisa ilikuwa ya kughushi. Corso anaipata iliyo ya kweli, anarudi kwenye ngome, lango linafunguka, mwanga mweupe unalijaza pazia lote, na sinema inakwisha. Nini kiko nyuma ya lango hatuambiwi.

Hapo ndipo watazamaji wanapoachana njia. Roger Ebert, mhakiki wa gazeti la Chicago Sun-Times, alitoa lalamiko lililo wazi kuliko yote: hakuwa na haja ya maajabu ya kamera mwishoni, bali alitaka kupewa habari fulani nzito, si weupe mtupu. Lalamiko hili lina uzito kuliko lile la Elvis Mitchell wa The New York Times, aliyeona kwamba sinema haitishi. Ni kweli kwamba haitishi. Lakini sidhani kwamba ilikusudia kutisha. Mara nyingi inacheka chini chini, na muziki wa Wojciech Kilar unatembea kwa mwendo wa mtu mwenye dhihaka kuliko mwenye hofu. Tukumbuke pia watazamaji hao walikuwa wametoka kuona nini. Mwaka 1999 huo huo zilitolewa The Blair Witch Project, iliyotisha kwa giza na kelele, na The Sixth Sense, ambayo mwishoni inafunua jambo moja linalogeuza yote yaliyotangulia. Aliyeingia ukumbini na vipimo hivyo viwili mkononi hakuwa na budi kutoka na njaa.

Lakini kuna mfano ulio karibu zaidi, nao ni wa Polanski mwenyewe. Katika Rosemary's Baby ya mwaka 1968, mtoto wa shetani haonyeshwi hata kidogo akiwa katika kitanda chake. Tunachoonyeshwa ni uso wa mama anapomwona. Hakuna mtazamaji aliyedai kurudishiwa fedha zake, kwa sababu uso ule ulitosha kuwa habari. Katika Lango la Tisa hatuna uso wa kuusoma. Corso anaondoka bila ya kutuachia alama yoyote ya hofu wala furaha, wala hata ya uchovu. Wanaoilaumu sinema husema kwamba kilichokosekana ni kitu kilicho nyuma ya lango. Mimi naona kilichokosekana ni mtu aliye mbele yake.

Msomaji wa Kiswahili ana njia yake ya kulielewa deni hili. Alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, uliochapishwa mwaka 1960, Muhammed Said Abdulla aliweka mauti penye mzimu, mahali ambapo watu wako tayari kuamini lolote, kisha akamtuma Bwana Msa aende na kiko chake kuonyesha kwamba palipodhaniwa kuwa na mkono wa mizimu palikuwa na mkono wa binadamu. Huo ndio mkataba wa hadithi ya upelelezi: siri yaweza kuvaa nguo za uchawi, lakini mwishoni itavuliwa. Lango la Tisa linaanza kwa mkataba huo huo. Kuna vielelezo, kuna wauaji, kuna mpelelezi mwenye miwani anayepima karatasi kwa vidole. Kisha, katikati ya njia, mkataba unabadilishwa: uchawi ni wa kweli, na anayeutafuta kwa makosa anaungua. Waliokuja kwa ajili ya Bwana Msa wana haki ya kunung'unika. Waliokuja kwa ajili ya mzimu wanashangaa wenzao wananung'unikia nini.

Je, ufumbuzi haukutolewa kweli? Hapa ndipo tunapoachana na wenye kulaumu. Ufumbuzi umetolewa, ila umetolewa kwa picha, si kwa maneno. Corso anapozilinganisha nakala tatu anagundua kwamba swali aliloulizwa lilikuwa la makosa. Hakuna nakala ya kweli na nakala za uongo. Katika kila nakala picha sita zimetiwa sahihi ya Torchia, na tatu zimetiwa herufi LCF, yaani Lusifa. Nazo hizo tatu zinahitilafiana na zile za nakala nyingine katika mambo madogo mno. Mzee ameshika funguo kwa mkono wa pili. Aliyetundikwa ametundikwa kwa mguu mwingine. Njia ya kutokea kwenye mzingile imezibwa. Kitabu cha kweli kimetawanywa katika nakala zote tatu, na hana nacho mwenye nakala moja.

Wenzetu wanaohariri tenzi kutoka miswada ya Lamu na Pate hawatahitaji kufafanuliwa jambo hili. Wanajua kwamba neno moja lililogeuzwa na mnakili laweza kuugeuza ubeti mzima, na kwamba mswada ulio safi kwa jicho si lazima uwe ndio wenye neno la mtunzi. Sijui sinema nyingine iliyoifanya kazi hii ya kulinganisha nakala kuwa ndiyo taharuki yenyewe, na kumtaka mtazamaji aifanye pamoja na mhusika. Kamera ya Darius Khondji inakaa juu ya karatasi, tena inakaa sana. Aliyetazama hapo kwa makini anaifikia picha ya tisa ya kweli akiwa amekwisha kufundishwa kusoma: mwanamke aliyempanda mnyama wa vichwa saba ana uso wa yule msichana asiye na jina, na ngome iliyo nyuma yake ni ile ile, imeoga mwanga. Kwa hiyo tunajua msichana ni nani, tunajua lango liko wapi, na tunajua kwa nini Corso anafunguliwa na Balkan hakufunguliwa. Weupe wa mwisho si jibu lililofichwa. Jibu tumelipita dakika chache nyuma.

Basi kama mwisho una haki yake, udhaifu uko wapi? Kwa maoni yangu uko katika kile kilichokatwa. Sinema ilitokana na riwaya ya Mhispania Arturo Pérez-Reverte, El club Dumas, iliyochapishwa mwaka 1993. Katika riwaya hiyo mna visa viwili: kimoja ni cha kitabu cha shetani, na cha pili ni cha mswada wa sura moja ya riwaya mashuhuri ya Alexandre Dumas juu ya askari watatu wa mfalme. Corso wa riwayani, ambaye jina lake ni Lucas, anaamini kwamba visa hivi viwili ni kimoja. Anasoma ishara kila mahali, na anajiona ameingia ndani ya vitabu alivyosoma utotoni. Kumbe visa hivyo havihusiani kabisa. Aliyeviunganisha ni yeye msomaji, kwa kusoma kupita kiasi. Hata msichana, anapoulizwa jina, anajiita Irene Adler, jina alilolichukua katika hadithi za Sherlock Holmes. Mwandishi anacheka nasi sote tunaokula mkate kwa kufasiri maandishi.

Polanski na waandishi wenzake waliufuta upande wote wa Dumas. Jina la Balkan, ambalo riwayani ni la mtaalamu wa fasihi anayesimulia, akapewa tajiri mwenye kuita mashetani. Mtu aweza kuutetea uamuzi huo. Saa mbili na robo za sinema hazibebi kila kitu. Lakini tazama kilichopotea pamoja na askari wale. Riwaya ilikuwa inatuonya kwamba si kila alama ina maana. Sinema inatuambia kinyume chake, kwamba kila alama ina maana na aliyezisoma zote atafunguliwa mlango. Shaka imegeuka kuwa imani, na mzaha juu ya wasomaji umegeuka kuwa tuzo kwa msomaji mmoja. Ndiyo maana Liana Telfer, mjane anayeigizwa na Lena Olin, anabaki akielea: riwayani tamaa yake ilikuwa ni mswada wa Dumas, lakini hapa amebandikwa katika kundi la matajiri wanaovaa majoho meusi na kunuia maneno wasiyoyaamini. Balkan anapowaingilia na kuwatawanya kwa dharau, tunacheka naye, kisha anamnyonga mjane mbele yao na hatujui tena tucheke au tusicheke.

Hata hivyo watu waliomzunguka Corso wamechorwa vizuri, na kila mmoja ana namna yake ya kumiliki kitabu. Fargas, aliyeuza karibu kila kitu, ameyapanga masalio ya maktaba yake sakafuni katika nyumba tupu na bado anayapapasa kama mtu anayewaaga wanawe. Baroness, mwenye mkono mmoja, anakichukulia kitabu chake kama kazi ya utafiti, na hataki kusikia kwamba nakala yake ina kasoro. Balkan hana haja na kusoma, anataka kutumia. Na Corso, ambaye mwanzoni anajua bei ya kila kitu, anapoteza hatua kwa hatua hamu ya fedha, na yule anayempinga akisema kwamba mabadiliko hayo hayakutayarishwa vya kutosha hasemi uongo. Depp anaigiza kwa kujizuia mno. Tunaona miwani ikivunjika, tunaona nguo zikichakaa, lakini nia ya mtu huyu tunaikisia tu.

Kuna watetezi wa sinema ambao sasa wanaifanyia alivyokifanyia Balkan kitabu chake. Wanaisimamisha picha baada ya picha, wanatafuta sura zilizofichwa. Wamegundua, na ni kweli, kwamba ndugu wawili Ceniza, mafundi wa kujalidi vitabu huko Toledo, pamoja na wachukuzi wawili wanaoliondoa kabati ambalo juu yake inaanguka picha ya tisa, wote wanne wanaigizwa na mtu mmoja, José López Rodero. Wengine wanalichukua jambo hili kuwa ushahidi kwamba shetani mwenyewe ndiye aliyeificha picha na ndiye aliyeitoa. Yawezekana. Yawezekana pia kuwa ni mzaha wa mwelekezi mwenye mwigizaji mmoja anayempenda. Pérez-Reverte angelituacha tukiwa na shaka hiyo na angeifanya shaka yenyewe kuwa ndiyo hadithi. Polanski ameiweka mbele yetu kisha akapita. Ni penye kabati lile, wala si penye mwanga wa mwisho, ambapo ningependa mabishano yahamie.