Wapikti na Wanorse: Lipi Litangulie Kuchimbuliwa?

Katika mwaka wa 1955 F. T. Wainwright alihariri kitabu kilichoitwa The Problem of the Picts, yaani Tatizo la Wapikti, na jina hilo limewaongoza wanachuoni wa mambo ya kale ya Uskoti kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Wapikti walikuwa watu wa kaskazini na mashariki ya Uskoti. Warumi waliwataja kwa jina hilo mara ya kwanza mwaka 297. Wao wenyewe waliacha mawe zaidi ya 200 yaliyochorwa alama ambazo maana yake haijajulikana, na mbali na orodha za wafalme wao hawakuacha habari ndefu waliyojiandikia. Kufikia mwaka 900 tarikh za Ayalandi zilikuwa zinawataja wafalme wa Alba mahali pa wafalme wa Wapikti. Katika visiwa vya Orkney na Shetland mageuzi yalikuwa makubwa zaidi. Huko waliingia Wanorse, watu wa baharini waliotoka Norwei, na karibu majina yote ya mashamba, vilima na ghuba yakawa ya lugha yao, lugha iliyosemwa visiwani hata karne ya 18. Wenyeji wa kwanza walikwenda wapi?

Swali hili ni la haki, bali limejibiwa mara nyingi kabla ya ushahidi kukusanywa. Hata katika karne za kati mtunzi wa Historia Norwegiae alikuwa na jibu lake: Wapikti walikuwa watu wafupi mno, waliojenga kwa ajabu asubuhi na jioni, na saa za adhuhuri wakaishiwa na nguvu na kujificha chini ya ardhi kwa hofu. Wanachuoni wa zama hizi hawaamini hadithi hiyo, ila tabia ya kulimaliza jambo kwa kauli moja haijawatoka wote.

Kauli zilizopo ni mbili. Anna Ritchie alipochimbua Buckquoy, katika Orkney, mwaka 1970 na 1971, alikuta nyumba za Kipikti chini na nyumba za Kinorse juu yake. Na ndani ya hizo za Kinorse alipata vitana na pini za mifupa za namna ya Kipikti. Akahukumu ya kwamba wageni walivipata vitu hivyo kwa wenyeji waliokuwa hai bado, tena majirani. Katika kisiwa cha North Uist, upande wa magharibi, Iain Crawford alichimbua Udal kuanzia mwaka 1963, naye akaona kinyume: makazi ya zamani yalifutwa ghafula, na juu yake pakajengwa ngome ndogo na nyumba za watu wengine kabisa. Mwaka 2001 Brian Smith wa Shetland aliandika makala makali ya kuwapinga wanaohubiri ujirani mwema, akitegemea zaidi yale majina ya mahali. Tangu hapo kila upande umekuwa na shimo lake la kujivunia, na mjadala umekuwa kama kesi ambayo kila wakili ameleta shahidi mmoja tu.

Kasoro iliyo katika kauli zote mbili ni moja: kitu kimefanywa kuwa mtu. Kitana hakina kabila. Mjenzi anayeweka nyumba mpya juu ya mahame huchimba misingi, na katika kuchimba huinua vilivyolala chini. Basi kitana cha Kipikti katika sakafu ya Kinorse chaweza kuwa kimenunuliwa kwa jirani, au kimeokotwa, au kimepanda juu kwa jembe. Kadhalika nyumba ya namna ya Kinorse yaweza kujengwa na mwana wa Mpikti aliyeona kuwa hiyo ndiyo nyumba ya heshima katika zama zake. Hapo hapo Buckquoy kilipatikana kijiwe cha kusokotea uzi chenye maandishi ya ogamu. Kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa na lugha ya Kipikti isiyosomeka, hata mwaka 1995 Katherine Forsyth alipoyasoma maandishi yale kuwa ni Kiayalandi cha kale, dua ya kuibariki roho ya mtu. Nyumba ikahesabiwa ya Kipikti, na ndani yake mna lugha ya watu wa tatu ambao katika ugomvi ule hakuna aliyekuwa akiwauliza.

Uchunguzi wa chembe za urithi umelidhihirisha jambo hili waziwazi zaidi. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza matokeo ya mifupa mingi ya zama za Waviking kutoka nchi mbalimbali, na miongoni mwayo walikuwamo watu wawili wa Orkney waliozikwa pamoja na panga za Kiviking. Kwa desturi za maziko wangehesabiwa Wanorse pasipo shaka. Kwa nasaba walikuwa wenyeji. Hao wawili wanatosha kuivunja kanuni ya kumtambua mtu kwa upanga wake. Hawatoshi kuweka kanuni mpya mahali pake, maana watu wawili si taifa. Tena uchunguzi wa namna hii unahitaji mifupa, na udongo wa sehemu kubwa ya Uskoti bara ni mkali, huila mifupa ikatoweka. Mwaka 2023 zilipochapishwa habari za urithi wa Wapikti waliozikwa Balintore na Lundin Links, zilionyesha kuwa walikuwa watu wa nchi ile ile wala si wageni waliotoka mbali. Habari njema, lakini makaburi hayo yako pwani ya mashariki, nje ya visiwa ambavyo ndivyo vyenye ugomvi.

Maadamu ni hivyo, linalohitajiwa kwanza ni miaka. Mambo yote yanayogombaniwa yalitokea takriban kati ya mwaka 750 na 900. Ukuta uliojengwa mwaka 780 ni habari moja, na ukuta uliojengwa mwaka 860 ni habari nyingine kabisa. Waandishi wa monasteri wametuachia tarehe za misiba yao: Iona ilishambuliwa mwaka 795, na mwaka 806 wakauawa humo watu 68, mwaka 839 mfalme wa Wapikti, Eóganán, aliuawa vitani na wapagani pamoja na wengi wa jamaa zake. Huko Portmahomack, ambako Martin Carver alichimbua kuanzia mwaka 1994 hadi 2007, ilipatikana monasteri ya Kipikti yenye kiwanda cha kutengeneza ngozi za kuandikia, na kiwanda hicho kiliungua karibu na mwaka 800. Lakini shamba la mkulima wa Orkney halina tarikh, na kipimo cha kaboni, ambacho ndicho tegemeo, hupoteza makali yake katika karne ya 8 na ya 9 hasa, kikatoa muda wa miaka mia mahali panapotakiwa kumi. Mtu aliyekula samaki wengi wa baharini humpotosha mpimaji zaidi: mifupa yake huonekana ya kale kuliko ilivyo, pengine kwa miaka mia au kuzidi. Na ulaji wa samaki ndio uliozidi Orkney katika zama za Wanorse. Kwa hiyo mtu aliyekuja na mashua mwaka 880 aweza kuonekana kama mwenyeji wa zamani, na mtafiti asiye mwangalifu akajenga juu yake nadharia nzima ya kuja mapema kwa wageni.

Dawa yake inajulikana, nayo si ya fahari. Ipimwe punje ya shayiri iliyoungua, ambayo ni ya mwaka mmoja. Upimwe mfupa wa mnyama aliyekula majani. Na vipimo viwe vingi, tabaka juu ya tabaka, ili mpangilio wa matabaka uwabane wapimaji. Ipo pia njia mpya ya kutegemea dhoruba za jua za mwaka 775 na 993, zilizoacha alama katika pete za miti. Kwa njia hiyo ilithibitishwa mwaka 2021 kuwa Wanorse walikata miti L'Anse aux Meadows, katika Kanada, mwaka 1021. Orkney na Shetland hazina miti mikubwa, na ubao uliosalia humo ni adimu. Ndiyo sababu kipande chochote cha mti kinachookolewa katika tope la kisima au mtaro kina thamani kuliko pini ya fedha, jambo ambalo wafadhili wa uchimbuaji hawalipendi kulisikia.

Linalofuata, na hapa ndipo lawama ilipo, ni kazi iliyokwisha kuchimbuliwa isiyosomwa. Pool, katika kisiwa cha Sanday, ilichimbuliwa kati ya mwaka 1983 na 1988. Ni mahali pa thamani kubwa, kwa kuwa humo mna matabaka ya katikati, ambamo vyungu vya kienyeji vimechanganyika na vitu vya Kinorse. Kitabu chake kilitoka mwaka 2007. Udal ilichimbuliwa kwa miongo mitatu. Mwaka 2018 Beverley Ballin Smith alitoa kitabu juu ya nyakati zake za kale zaidi, zama za mawe na za shaba. Taarifa kamili ya Wapikti na Wanorse haikuwamo. Maana yake ni kwamba kauli ya kufutwa ghafula, iliyorudiwa vitabuni tangu miaka ya 1970, imesimama kwa heshima ya msemaji bila ya msomaji kuonyeshwa tabaka zenyewe. Pengine Crawford alikuwa na haki. Hakuna awezaye kumkubali wala kumkanusha mpaka masanduku yafunguliwe. Jarlshof katika Shetland, ambayo J. R. C. Hamilton aliitolea kitabu mwaka 1956, ina shida ya namna nyingine: sehemu kubwa ya kazi ilifanywa kabla ya kipimo cha kaboni kuenea, na mpangilio wa nyumba zake za Kinorse uliwekwa kwa kulinganisha maumbo. Bado mpangilio huo hutumika kama kipimo cha kupimia kwingine. Yeyote anayeomba fedha za shimo jipya angepaswa kuulizwa kwanza kama hawezi kujibu swali lake kwa kupima vilivyomo ghalani. Kwamba kazi yaweza kukamilishwa kunaonekana Bornais, katika kisiwa cha South Uist, ambako Niall Sharples na wenzake walitoa taarifa zao kitabu baada ya kitabu.

Katika bara, fahari imekwenda kwa wafalme. Rhynie, katika Aberdeenshire, imetoa vigae vya mitungi ya divai kutoka Bahari ya Kati, na juu ya kilima cha Tap o' Noth kilicho karibu nayo zilihesabiwa mwaka 2020 dalili za vibanda 800 hivi. Hakuna atakayesema Gordon Noble na wenzake wangaliiacha kazi hiyo. Kabla yao ilidhaniwa kuwa Wapikti hawakuwa na makazi makubwa hata kidogo. Ila mkulima wa kawaida hajulikani vile vile. Nyumba ndefu za Pitcarmick na Lair, katika vilima vya Perthshire, zinaonyesha kwamba akitafutwa hupatikana. Kaskazini zaidi, Caithness, Sutherland na Ross, hajatafutwa ipasavyo, na huko ndiko Wapikti na Wanorse walikokutana pasipo bahari ya kuwatenga. Sutherland ni jina la Kinorse, nchi ya kusini, maana waliolitoa waliitazama kutoka Orkney. Dingwall ni uwanja wa baraza. Majina yapo, nyumba za karne ya 9 karibu hazipo. Freswick, iliyochimbuliwa mara kadhaa, ni ya baadaye, zama ambazo mambo yalikwisha kuamuliwa. Mwanachuoni anayetaka kujua kama jina la mahali hubadilika kwa upanga au kwa ndoa afadhali aende kwenye mabonde hayo kuliko kurudi tena Birsay.

Ghala la makumbusho, hata hivyo, laweza kungoja mwaka mmoja zaidi, na mabonde ya Sutherland vile vile. Pwani haingoji. Mwaka 1991 huko Scar, katika Sanday, liliokolewa kaburi la mashua lililokuwa likiliwa na bahari: mwanamume, mtoto, na mwanamke mzee wa miaka 70 hivi, pamoja na ubao wa mfupa wa nyangumi uliochongwa vichwa viwili vya wanyama. Ubavu mmoja wa mashua ulikuwa umekwisha kuchukuliwa na maji. Kama wachimbuzi wangalichelewa majira machache ya baridi, yule mzee asingalijulikana, na historia ya Wanorse wa Orkney ingalizidi kuwa ya wanaume na panga zao.

Kwa hiyo mpango wowote wa miaka ijayo, hata ukiandikwa kwa uangalifu gani, utakuwa umekosea kama utaiweka pwani katika mlango wa mwisho pamoja na mambo ya uhifadhi. Huko ndiko kunakostahili fedha za kwanza na watu wa kwanza, kwa sharti kwamba vipimo vichukuliwe kwa namna iliyoelezwa na taarifa iandikwe kabla ya shimo la pili kufunguliwa. Huko Swandro, katika kisiwa cha Rousay, Julie Bond na Steve Dockrill walianza mwaka 2010 kuchimbua mahame ambayo mawimbi huyapiga. Ndani ya jengo la zama za Wapikti walikuta kiwanda cha mfua shaba, na fuawe yake ya jiwe ikiwa bado mahali pake. Juu ya jiwe hilo, ilitangazwa mwaka 2018, zimo alama nyeusi za masizi zilizoachwa na mikono na magoti ya mhunzi mwenyewe. Ufuo uko hatua chache kutoka hapo.