Sururu, Sindano na Bawa la Terosauri

Mfupa wa bawa la terosauri ni mrija mtupu. Ukuta wake mara nyingi una unene wa milimita moja hivi, na baada ya miaka milioni 150 ardhini huwa umebonyea na kupasuka, huku ukishikiliwa na jiwe lilelile lililouponda. Ukiuchomoa kwa pupa unabaki na unga mkononi. Ndiyo maana wakitajwa terosauri wa Tanzania, reptilia warukao wa kale, mimi huwawaza kwanza wachimbaji.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini ufundi wao umeonekana kwenye mawe mekundu ya Galula, bonde la Rukwa, yaliyokuwa Mkoa wa Mbeya kabla ya Songwe kuanzishwa mwaka 2016. Mifupa ya Rukwatitan, dinosauri mla majani wa miaka milioni 100 hivi iliyopita, ilikuwa imenasa kwenye ukuta wa genge. Watafiti wakawaita wachimba makaa ya mawe, na walifanya vyema: anayeishi kwa kuchimba makaa anajua ufa unaelekea wapi, na nini kitaporomoka akiondoa kilicho chini. Misimu miwili ikapita wakitoa pingili za uti wa mgongo, mbavu, nyonga na mifupa ya miguu. Mwaka 2014 mnyama huyo akatangazwa kwa jina.

Kazi huanza na sururu na kuishia na sindano. Sururu huondoa udongo wa juu. Ukiukaribia mfupa unashika tindo ndogo, kisha kijiti, kisha brashi. Fundi mzuri haufunui mfupa wote. Anafunua kiasi cha kujua umelalaje na unaishia wapi, anadondoshea nyufa gundi nyepesi, na jiwe lililobaki analiacha liushikilie. Anachimba mfereji kuuzunguka mpaka mfupa ukae juu ya nguzo fupi ya mwamba, anaufunika kwa karatasi laini iliyoloa ili plasta isigandie mfupani, ndipo anaviringisha vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta. Ikishakauka, nguzo inakatwa na mzigo unageuzwa. Hapo kwenye kugeuza ndipo fundi hujulikana. Pingili ya Rukwatitan ikivunjika vipande vitatu, inaungika. Bawa la terosauri likimwagika limekwenda.

Kwa hiyo Tendaguru, mkoani Lindi, inanistaajabisha zaidi kwa udogo wa baadhi ya vitu vilivyotoka huko. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani, wakiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, waliajiri mamia ya wenyeji chini ya msimamizi Boheti bin Amrani. Watu hao walifunga mifupa kwa mianzi na nyasi na kuibeba kwa miguu, siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi: zaidi ya tani 200. Humo mlikuwa na mfupa wa mkono wa juu wa dinosauri unaozidi mita mbili, na humohumo vipande vya terosauri vinavyoenea kiganjani.

Vipande hivyo vina mengi ya kusema. Terosauri wa mwanzo walikuwa na mkia mrefu na shingo fupi. Baadaye wakaja wa mkia mfupi na shingo ndefu, wengine bila jino hata moja. Ukoo huo ndio wa Quetzalcoatlus wa Texas, ambaye mabawa yake yakitandazwa yalifika mita 10 hivi. Wote waliruka kwa kidole cha nne, kilichorefuka ajabu na kubeba ngozi ya bawa. Mwaka 1931 mtafiti Hans Reck aliandika kuhusu makundi yote mawili kutoka Tendaguru, na mwaka 1999 David Unwin na Wolf-Dieter Heinrich wakakipa kipande cha taya la chini chenye meno jina Tendaguripterus recki.

Boheti alisubiri hadi 2007 dinosauri apewe jina lake, Australodocus bohetii, mla majani mwenye shingo ndefu. Ni heshima anayoistahili, ingawa mimi ningemtafutia pia kiumbe mwenye mifupa myembamba. Baadhi ya vifurushi vya mianzi vilivyofungwa Tendaguru vilikaa Berlin karibu miaka 100 bila kufunguliwa, na watafiti wakaanza kuvipiga picha za mionzi ili waone kilichomo pasipo kukata kamba.