Nani Atapanda, Nani Atashuka: Jinsi ya Kuwapima Wapinzani wa NBA

Msimamo wa ligi hueleza yaliyokwisha. Anayetaka kujua mpinzani atakuwa wapi msimu ujao huuweka kando, kisha anauliza maswali manne, kwa mpangilio huu.

Kwanza, aliwazidi wenzake kwa pointi ngapi? Katika mechi 82 za msimu, timu inayoshinda kwa tofauti kubwa ni nzuri kweli. Inayoponea kwa pointi moja au mbili imebebwa na bahati, na bahati haina mkataba. Msimu wa 2021–22 Chicago Bulls walishinda mechi 46, ilhali walifungwa pointi nyingi kuliko walizofunga. Tarehe 31 Desemba 2021 mchezaji wao DeMar DeRozan aliwamaliza Indiana kwa mtupo wa pointi tatu muda ukiyoyoma; kesho yake akawafanyia Washington vilevile. Mitupo hiyo miwili ingegonga chuma, Bulls wangebaki na ushindi 44. Msimu uliofuata nguzo za kikosi zilikuwa zilezile, na safari hii walifunga zaidi ya walivyofungwa, lakini wakaambulia ushindi 40. Mechi zinazoamuliwa dakika za mwisho ziliwakataa.

Pili, nani hakucheza? San Antonio Spurs walishuka kutoka ushindi 59 hadi 20 msimu wa 1996–97, nyota wao David Robinson akiwa amecheza mechi 6 tu. Aliporudi, akaungana na Tim Duncan, chipukizi aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 1997, wakashinda 56. Aliyeichukua ile 20 kuwa kiwango cha Spurs alikuwa anasoma orodha ya majeruhi bila kujua. Pima pia aina ya jeraha: kifundo kilichoteguka hupona, lakini kano ya kisigino iliyokatika ni habari nyingine, hasa kwa aliyevuka miaka 30.

Tatu, wenye dakika nyingi wana umri gani? Achana na wastani wa kikosi kizima. Watazame wale wanaokaa uwanjani dakika 30 na zaidi. Chipukizi wa miaka 22 ana nafasi ya kupanda hata klabu isiposajili mtu. Mkongwe wa 34 anaweza kuendelea kutumbukiza mipira vizuri huku miguu ikimsaliti, kwa hiyo mwangalie anavyorudi kulinda, si anavyotupa. Detroit Pistons walipoteza mechi 28 mfululizo msimu wa 2023–24 na kumaliza na ushindi 14. Wengi waliwacheka. Lakini nyota wao Cade Cunningham alikuwa na miaka 22, na alipoletewa kocha mpya, J.B. Bickerstaff, pamoja na watupaji wazoefu, timu ilishinda 44 msimu uliofuata.

Nne, aliyesajiliwa atachukua dakika za nani? Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua Mtanzania Hasheem Thabeet, wa pili kati ya chipukizi wote, na msimu huo wakapanda kutoka ushindi 24 hadi 40. Sifa hizo si zake: alicheza wastani wa dakika 13. Waliobeba timu ni Zach Randolph, aliyehamia majira hayohayo akawa anafunga karibu pointi 21 kwa mechi, na Marc Gasol aliyekuwa ameiva katika msimu wake wa pili. Akina Duncan ni wachache. Chipukizi wengi ni mali ya miaka ijayo.

Majibu yakipingana, lipe uzito swali la kwanza. Kumbuka pia kwamba timu ya ushindi 60 ina nafasi kubwa ya kuteremka, na ya ushindi 20 ina nafasi kubwa ya kupanda.

Halafu ipime timu yako kwa mizani hiyohiyo. Mkongwe wa mpinzani ukimwita mzee aliyekwisha, na wako wa umri uleule ukamwita mzoefu, bado hujatabiri. Unashabikia.