Majina Yetu, Sauti Zao: Ugawaji wa Sauti katika The Lion King

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba hurafa haiishi katika maneno yake pekee. Fanani humpa sungura sauti nyembamba ya haraka, kisha hulikwaruza koo lake ili fisi azungumze kwa puani. Na simba anaponguruma, ni kifua kile kile kinachonguruma. Wahusika wote hutoka katika mwili mmoja. Hadhira inalijua hilo, na sehemu kubwa ya ladha ya utambaji imo katika kulijua huko. Makala haya yanadhamiria kuiangalia kwa jicho hilo filamu ya vibonzo The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 1994 chini ya uelekezi wa Roger Allers na Rob Minkoff. Filamu hii iliwapa wanyama wake majina ya Kiswahili. Je, iliwapa sauti za nani, na ugawaji huo unatuambia nini juu ya nafasi ya lugha yetu ndani yake?

Yafaa kwanza kueleza kazi yenyewe inavyofanyika, maana watazamaji wengi hudhani kwamba picha huchorwa kwanza, kisha mtu akaja kuipachika sauti. Mambo huwa kinyume. Mwigizaji huingia studio na muswada wake, akatamka mstari mmoja mara nyingi kwa namna mbalimbali, aghalabu bila mwenzake wa kujibizana naye. Mwelekezi huteua utamkaji anaoupenda, na ni hapo wachoraji huanza kukichora kinywa kiifuate silabi. Zaidi ya hayo, mchoraji huutazama uso wa mwigizaji. Andreas Deja, aliyeongoza uchoraji wa Scar, aliingiza katika sura ya simba huyo baadhi ya miondoko ya uso wa Jeremy Irons, mwigizaji wa Kiingereza aliyempa sauti. Kwa hiyo anayeteua sauti anateua na mwili pia. Waigizaji Nathan Lane na Ernie Sabella, waliokuwa wakicheza pamoja katika tamthilia ya Guys and Dolls jijini New York, walijaribiwa kwa nafasi za fisi. Mzaha wao ulipowafurahisha waelekezi, wakapewa Timon na Pumbaa. Wawili hao walirekodiwa pamoja, jambo lisilo la kawaida katika kazi hii, na sikio makini hulitambua: wanadakizana kama wacheza vichekesho jukwaani, ilhali wahusika wengine husubiriana kwa adabu.

Ukisikiliza kwa makini, ukoo wa kifalme wa filamu hii unastaajabisha. Mufasa ni James Earl Jones, Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito ya kutisha na kubembeleza kwa wakati mmoja. Mkewe Sarabi ni Madge Sinclair, mzaliwa wa Jamaika. Wawili hao walikuwa wamekwisha kuigiza mfalme na malkia wa nchi ya kubuni ya Kiafrika katika filamu ya Coming to America ya mwaka 1988, na mtazamaji aliyeiona hawezi kukosa kuusikia mwangwi wake. Lakini mtoto wao Simba anazungumza kwa sauti ya Jonathan Taylor Thomas, mtoto mzungu wa Marekani, na anapoimba tunamsikia Jason Weaver, mtoto mweusi. Akikua, Simba anazungumza kwa sauti ya Matthew Broderick na kuimba kwa ile ya Joseph Williams. Mhusika mmoja, makoo manne! Fanani wetu hutoa wahusika wengi katika koo moja; hapa tuna kinyume chake. Hata Scar hakunusurika: Jim Cummings, aliyempa sauti fisi Ed, ameeleza kwamba ndiye aliyeumalizia wimbo wa Irons.

Hatudai kwamba mchanganyiko huo ni kosa. Simba wa vibonzo hana rangi ya ngozi ya binadamu. Ila ugawaji wa lafudhi hauwezi kuwa wa bahati nasibu: msaliti anazungumza Kiingereza cha Uingereza chenye madaha, shujaa Kiingereza cha kawaida cha Marekani, nao fisi wawili wasemaji ni Whoopi Goldberg, Mmarekani mweusi, na Cheech Marin, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko. Baadhi ya wahakiki wa Marekani walilalamika mapema kwamba wakazi wa ile nchi ya kivuli wamepewa sauti za mitaa ya maskini. Lalamiko hilo ni la haki. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, hata hivyo, linaishia nusu ya njia, kwa sababu halikugusa majina.

Katika uhakiki wetu, jina linalobeba tabia ya mhusika huitwa majazi, na msomaji wa riwaya zetu amezoea kulitafuta. Ni nini kinachomfikia msomaji huyo akiitazama filamu hii? Sarabi ni mazigazi, maji yanayoonekana kwa mbali jangwani; nalo linamfaa malkia ambaye hadithi humwonyesha bila kumpa la kusema zaidi ya mistari michache. Pumbaa ni kitenzi cha kuduwaa na kupotewa na akili. Hapa pana kejeli nzuri, iwe ilikusudiwa au la. Katika mazungumzo ya usiku juu ya nyota, ni ngiri huyu anayetoa jibu la kisayansi, na mwenzake anamkebehi. Sabella analitamka jibu hilo kwa unyenyekevu wa mtu asiyejua kwamba amesema kweli. Majazi yamepinduliwa, na sauti ndiyo iliyoyapindua.

Shenzi ni habari nyingine. Neno hili halikuanza kama jina la mnyama. Ni tusi, na kwa kizazi kilichotumikia katika mashamba ya walowezi ni tusi lenye harufu ya kiboko. Mtoto wa Nakuru anaposikia fisi jike akiitwa hivyo, hasikii sauti ya kigeni yenye kupendeza. Anasikia neno ambalo nyumbani angekatazwa kulitamka.

Anayetamka Kiswahili kingi kuliko wote ni Rafiki, aliyepewa sauti na Robert Guillaume. Kiswahili chake ni kibwagizo cha kitoto kinachochanganya shukrani na majina ya vyakula, na Simba analazimika kuuliza maana yake. Simba, mwenye jina la Kiswahili, hajui Kiswahili! Lugha imekuwa kelele za mganga: huchekesha, hutia fumbo, haijengi hoja. Linganisha na Kizulu. Wimbo wa ufunguzi una sauti ya Lebo M wa Afrika Kusini, na filamu nzima ikaja kutafsiriwa kwa Kizulu na kuigizwa kwa sauti za wasemaji wake. Watayarishaji walizuru Kenya mwaka 1991, wakaiona Hell's Gate, wakarudi na mandhari, na majina, na msemo wa hakuna matata ambao bendi ya Them Mushrooms ilikuwa imeuimba tangu mwaka 1982. Sauti hawakuchukua.

Toleo jipya la mwaka 2019, lililoelekezwa na Jon Favreau, lilijaribu kurekebisha. John Kani wa Afrika Kusini alimpa Rafiki utu uzima na utulivu, akawa mzee wa kweli. Banzai na Ed wakaondolewa, mahali pao wakaja Kamari na Azizi. Sijui nani aliyeketi na kamusi. Azizi, neno tunalomwitia mpendwa, akapewa fisi. Na Kamari kwetu ni mchezo wa kupoteza mshahara. Jina moja tu la fisi halikubadilishwa, nalo ni Shenzi. Aliyeitwa kumpa sauti safari hii alikuwa Florence Kasumba, mwigizaji wa Ujerumani aliyezaliwa Kampala.