Kwapani mwa Jani

Wengi wanaotaka kuutambua mti hungoja utoe maua, na hapo hujinyima mengi. Ua huja kwa msimu. Jani na tawi vipo karibu siku zote, na vinasema mengi kwa anayejua pa kutazama. Pa kutazama ni kwapani, pale kikonyo cha jani kinapoungana na tawi, kwa maana hapo ndipo chipukizi hukaa, hata likiwa dogo kama punje ya ulezi. Chukua mwarobaini. Vile vibapa vyenye kingo za msumeno huitwa majani, lakini ukichungulia penye kitako cha kila kimoja hutaona chipukizi. Fuata uti unaovibeba hadi kwenye tawi: chipukizi lipo hapo, basi safu nzima ni jani moja. Mmelia, ndugu yake ambaye tunda lake ni sumu, jani lake hugawanyika mara mbili au zaidi. Asiyejua jani linaanzia wapi atahesabuje migawanyiko?

Kiungo cha mmea, basi, hujulikana kwa mahali kilipo, si kwa sura yake. Nyuzi za kijani za mvinje si majani. Vuta mmoja taratibu, utaachia kwenye kifundo, na hapo utaona duara la vijino vidogo mno: hayo ndiyo majani, na uzi wenyewe ni tawi. Mgomba umegeuza mambo: tunachokiita shina ni vitako vya majani vilivyokumbatiana, na shina la kweli limejificha ardhini hadi wakati wa kupandisha mkungu. Kiazi mviringo nacho ni shina; macho yake ni machipukizi. Kuna atakayepinga, akisema kwamba kiazi kitamu, ambacho ni mzizi, huchipua vilevile kikisahauliwa jikoni. Ni kweli, ila chenyewe huchipua popote, ilhali macho ya kiazi mviringo yamepangika kwa mzunguko, kila jicho na kovu la jani dogo lililokuwa limelikinga.

Wengine watauliza kazi yote hii ya nini, simu ikiwa inatambua mmea kwa picha. Simu husaidia, sikatai, lakini hulinganisha kile ilichoonyeshwa, na mpiga picha asiyejua kwapa hulikata nje ya picha. Waliotunga Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, mfululizo wa vitabu wa kuanzia 1952 hadi 2012 wenye spishi za mimea zaidi ya 12,000, walijua kwamba vielelezo vingi havina ua. Kwapa hutosha hata hapo. Tazama mbuni: majani hukabiliana mawili mawili, na kati ya vikonyo, pande zote mbili za tawi, kuna kipande kidogo cha pembetatu. Alama hiyo hiyo ipo kwenye mti wa kwinini, na kwenye vichaka vingi vya msituni vya jamaa moja na mbuni, viwe na maua au visiwe nayo.